Aliyefumba Macho Kwenye Picha

Nyumbani walimwita Fundi Futa, na aliyembatiza jina hilo ni mama yake mwenyewe. Tangu anunue kamera ya dijitali, kijana yule alipiga picha kama mtu anayefukuza nzi: pa, pa, pa! Paka kapigwa, viatu vimepigwa, hata sufuria limepigwa na ukoko wake. Mtihani ulikuwa mama. Mama hakuweza kuitazama kamera bila kucheka, na akicheka, macho yote yanafumba. Hapo kamera inalia na kuandika kwenye kioo chake: *Kuna aliyefumba macho.* Fundi anabonyeza, anafuta.

"Umeshanifuta?"

"Nimekufuta, mama. Fumbua macho basi, kwani unachomwa sindano?"

"Haya, nipige tena. Si haili filamu hiyo?"

Baba, mwenye kamera yake kuukuu ya filamu, aliguna. "Enzi zetu ukibonyeza umebonyeza. Jicho likifumba, picha inasafishwa hivyo hivyo."

"Ndiyo maana albamu yenu imejaa watu waliolala, baba!"

Mama alicheka mpaka akashika ukuta.

Kisha homa ikamchukua ghafla, nguo alizofua zikiwa bado kwenye kamba. Dada yake Fundi akataka picha ya mama ya kuweka juu ya jeneza. Fundi akapekua kamera, akapekua kompyuta. Paka yupo. Sufuria lipo, na ukoko wake. Mama hayupo, kuna kiwiko chake tu, nyuma ya paka.

"Picha zote zile?" dada aliuliza.

"Nilikuwa nasubiri moja nzuri."

Dada hakumgombeza. Heri angemgombeza.

Baba akatoka chumbani na albamu, akabandua picha moja: mama, binti mbichi, kacheka, macho kayafumba.

"Siku hiyo nilimnunia," baba alisema, kidole kikipapasa ule uso. "Filamu ilikuwa imebaki picha ya mwisho, naye akaniharibia. Ipige picha, wakaikuze studio."

Fundi akailaza picha mezani karibu na dirisha, akabonyeza. Kamera ikalia: *Kuna aliyefumba macho.*

Kidole, kwa mazoea yake, kilikuwa kimeshafika kwenye kitufe cha kufuta. Akakichomoa kama aliyegusa kaa la moto, akaketi sakafuni, kamera kaikumbatia kifuani.

"Imetoka?" baba aliuliza.

Alitikisa kichwa kukubali.