Foleni ya Mawe

Narmin alikuwa na siku moja tu ya kuliokoa duka lake, na siku yenyewe aliianza na ufagio mkononi.

Ilikuwa Jumamosi, na Jumamosi asubuhi kila mtu Burundi hushika jembe au ufagio. Ni saa za kazi za pamoja. Maduka hufungwa, na ukionekana unazurura utaulizwa unatoka wapi. Wenye maduka wa Muyinga mjini walikuwa wamepewa barabara yao wenyewe: wafagie mbele ya milango na wazibe mashimo. Kazi ikiisha, saa tano, Narmin angefungua mlango na kuanza kuuza Tamko, simu mpya ambayo redio ziliitangaza mwezi mzima mpaka hata mbuzi wakaijua.

Sifa ya Tamko ilikuwa moja: inasoma. Ujumbe ukiingia, sauti ya mwanamke inakusomea kwa Kiswahili. Ukitaka kujibu unasema tu, yenyewe inaandika. Mzigo wa kwanza, simu sitini, ulifikia Gitega kwenye duka kubwa la baba yake, Mzee Sultanali. Mzee alibaki na hamsini, akampa binti yake kumi, kama mtu anavyomrushia paka mkia wa samaki.

"Muyinga iko wakulima, Narmin," alimwambia. "Wanataka simu ya tochi, basi. Hizi kumi zenyewe, vraiment, zitaozea kwa kioo."

"Papa, hawa wakulima mi nawajua. Wamekulia Tanzania, wamesoma Kiswahili. Simu ya Kifaransa haiwaambii kitu."

"Bon. Jumamosi jioni mi nakuja na kufuli. Zikiisha zote, narudi nayo Gitega. Ikibaki hata moja, tunafunga hiyo duka, na we unarudi hapa kukaa na Aleem."

Aleem ni kaka yake. Kukaa na Aleem maana yake ni Aleem kupokea wateja na Narmin kupangusa vioo, na vioo hivyo Narmin alikuwa amevipangusa miaka sita kabla ya kupewa duka la Muyinga. Hakutaka kurudi huko hata kidogo. Basi usimlaumu nikikuambia kwamba asubuhi ile alifagia kwa hasira, bila kuangalia sana anafagia nini.

Maana mbele ya mlango wake alikuta mawe. Makubwa kwa madogo, na nusu tofali hapa na pale, kuanzia kwenye ngazi ya duka hadi kona ya duka la jirani. Mtu mwenye utulivu angejiuliza uchafu gani huu unaonyooka hivi. Narmin hakuwa na utulivu. Alichukua toroli, akayazoa yote, akayamwaga kwenye shimo la barabarani lililokuwa likimsumbua tangu mwaka juzi, akayashindilia kwa miguu. Shimo likajaa vizuri. Jirani zake wakampigia makofi.

Saa nne na nusu Mzee akapiga simu ya video. Nyuma yake Gitega kulikuwa na maputo, spika mbili kubwa, na watu wakichungulia dirishani.

"Umeona? Hapa iko fête. Na huko, watu iko?"

Narmin akaigeuza simu kuelekea barabarani. Hakukuwa na mtu. Kulikuwa na lami tu, safi, na shimo lililozibwa.

"Iko safi sana," alisema Mzee. "Safi kama makaburini. Kufuli nimeshanunua, mpya kabisa." Akakata.

Narmin akaingia ndani, akaziangalia simu zake kumi kwenye kioo, na machozi yakamlenga. Akayafuta kwa mkono wenye vumbi, jambo lililoongeza uchafu usoni tu.

Saa tano juu ya alama akasikia miguu. Watu walikuwa wanapanda kutoka bondeni, walikokuwa wanachimba mtaro na wenzao wa mjini, majembe begani na matope hadi magotini. Hawakuwa watu wawili watatu. Walikuwa kundi zima: wakulima wa Giteranyi waliofika alfajiri kwa baiskeli, wabeba mizigo wa Kobero, wanawake kwa wanaume, wote wakizungumza Kiswahili kile cha ng'ambo kilichonyooka. Narmin alitoka mlangoni mikono imekunjuliwa, moyo unaruka.

Hawakumwangalia. Walisimama wote pamoja, wakatazama chini.

"Mawe yetu yako wapi?" aliuliza Kastori, mbeba mizigo wa mpakani, pande la mtu.

"Mawe gani?"

"Yaliyokuwa hapa. Yale ni sisi!"

Makelele yakalipuka. Huyu anasema alikuwa wa pili, yule anasema wa pili ni yeye, mwingine anataka kujua ni mchawi gani aliyeifuta foleni ya watu. Majembe yaliyokuwa begani yakaanza kushuka. Narmin hakuelewa wanagombania nini, ila alielewa kwamba siku yake moja ilikuwa inamponyoka mbele ya macho yake.

Aliyemwelewesha ni Gaudensia, mkulima wa Giteranyi, mwanamke wa miaka sitini mwenye miwani ya kioo kimoja. Alimshika mkono akamvuta pembeni.

"Mwanangu, sisi tumekulia Tanzania, kwenye kambi ya wakimbizi. Siku ya mgao wa chakula huwezi kusimama tangu alfajiri, una kuni za kutafuta, una mtoto mgonjwa. Unaweka jiwe. Jiwe likishakaa, wewe umesimama hapo, hata ukienda zako. Hakuna aliyethubutu kugusa jiwe la mtu. Leo tulifika mapema, kazi za pamoja zinatusubiri, tukafanya tulivyozoea. Sasa niambie taratibu, umeyapeleka wapi?"

Narmin akanyoosha kidole kwenye shimo. Aliona haya mpaka masikio yakawaka moto. "Mama Gaudensia, unisamehe. Mi nilifikiri iko takataka."

Gaudensia akalitazama shimo. Akamtazama Narmin, na vumbi lile usoni. Kisha akacheka, na alikuwa na kicheko kikubwa kuliko mwili wake. "Jamani! Huyu binti ametuzika!"

Kicheko kikasambaa, na hasira ikaondoka nacho. Majembe yakapata kazi yake halali: shimo likafukuliwa mbele ya macho ya jirani wale wale waliompigia Narmin makofi. Kila mtu alilijua jiwe lake kama anavyomjua mbuzi wake. La Kastori lilikuwa na mstari mweupe. La Gaudensia lilikuwa jeusi, bapa, limelainika pembeni. Alitoka nalo kambini siku ya kurudi nyumbani, likiwa katikati ya nguo, na alipoulizwa na wenye lori kwa nini anabeba jiwe kwenda nchi iliyojaa mawe, alijibu kwamba lilikuwa limemsimamia miaka mingi na hawezi kuliacha peke yake.

"Sasa sikilizeni," alisema. "Msiniambie wewe ulikuwa wa ngapi, maana mtadanganya. Taja jiwe lililokuwa mbele yako. Hilo kila mtu aliliangalia."

Na ikawa hivyo. Jiwe moja likaliita jingine, mstari ukajijenga upya kutoka kwenye ngazi hadi kona, hamsini na nane. Palikwama mahali pamoja tu. Kastori na Gaudensia walikuja kwa baiskeli moja, Kastori akiendesha, mama amekaa nyuma, na hakuna aliyeona nani alitangulia kuweka.

"Kastori aliweka kwanza," alisema Gaudensia bila kufikiri. "Mimi nilikuwa bado nashuka, mguu umekufa ganzi."

Kastori akawa wa kumi. Gaudensia akawa wa kumi na moja. Ni Narmin peke yake aliyejua kuna simu ngapi kwenye kioo, na moyo ukamuuma.

Simu kumi ziliisha kabla ya saa sita. Wa kwanza kuwasha yake alijitumia ujumbe mwenyewe ili asikie jina lake likisomwa, akalisikia, akaomba lirudiwe mara nne. Kastori aliiambia Tamko iandike, kisha akashindwa la kusema, pande lote lile, akabaki amefungua mdomo. Na Narmin alipotangaza kwamba zimeisha, kila mtu akaumia kwa namna yake. Mmoja akadai yeye alikuja kusindikiza tu. Mwingine akaomba kasha tupu akamwonyeshe mkewe. Mama mmoja hakuficha kitu:

"Kumi! Mtu gani anapika kikombe kimoja cha maharage kwa harusi?"

Gaudensia hakulalamika. Alisema tu, kwa sauti ya chini, kwamba macho yamemchoka. Mdogo wake Upendo alibaki Kabanga, upande wa Tanzania, na kwa miaka minane kila ujumbe wa Upendo humfikia kupitia mdomo wa jirani. "Yeye ananisomea, halafu kijiji kizima kinajua kabla sijajibu." Kastori akamnyooshea simu yake. Akaisukuma. "Jiwe ni jiwe, Kastori."

Narmin akapiga Gitega.

"Papa, zimeisha."

"Nini imeisha?"

"Simu. Nipe zako zote."

Mzee sauti ilikuwa imemkauka kwa kushindana na spika zake mwenyewe. Gitega kulijaa watu kweli, wakijipiga picha na Tamko, wakiigeuza, wakiuliza kwa nini haikuletwa ya rangi ya dhahabu, wakisema watarudi. Alikuwa ameuza nane.

"Mais, watu iko? Nionyeshe."

Narmin akageuza simu. Watu walikuwa wameshakwenda kutafuta chakula, mawe yao wameyaacha, kwa kuwa Narmin alishawaambia anafuatilia mzigo mwingine.

"Mi naona mawe," alisema Mzee.

"Ndiyo hao, Papa. Kila jiwe ni mtu. Wahesabu."

Akawahesabu, kwa sauti, hadi arobaini na nane. Halafu akasema anakuja mwenyewe, kwa sababu jambo la namna hii mtu haletewi kwa simu.

Saa kumi gari likaingia Muyinga, Aleem kwenye usukani, katoni nyuma, na Mzee Sultanali mbele ndani ya koti lake la safari lililoning'inia upande mmoja kwa uzito wa kufuli. Alishuka akaenda moja kwa moja mlangoni.

"Mzee," alisema Gaudensia, aliyekuwa amekaa kwenye ngazi akilinda mstari, "umekanyaga mtu."

Mzee aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Akatazama chini, akaomba radhi kwa jiwe, na watu waliokuwa wanarudi mbio kutoka kila upande wakalisikia hilo na kulipenda sana.

Narmin akafungua katoni. Aleem alipojaribu kupita nyuma ya meza kupokea wateja, alikabidhiwa kitambaa. "Vioo, kaka," alisema Narmin kwa upole, na Aleem, baada ya kumwangalia baba yake na kukosa msaada, akapangusa.

Wa kwanza safari hii alikuwa Gaudensia. Narmin alimwekea laini yake mwenyewe, ile iliyotoka kwenye simu ya zamani iliyozima tangu jana. Hazikupita dakika mbili Tamko ikalia. Ujumbe, kutoka kwa Upendo. Duka zima likanyoosha shingo.

Gaudensia akawaangalia wote, mmoja mmoja. Kisha akaibana simu sikioni, akatoka nje, akaenda hadi kwenye ukuta wa kona akawapa kisogo. Walimwona akisikiliza. Walimwona akiinamisha kichwa, kisha mabega yakaanza kutikisika, na haikujulikana mara moja kama analia au anacheka, mpaka kile kicheko chake kikubwa kilipotoka.

"Amesema nini?" aliita Kastori.

"Ni cha kwangu," alijibu Gaudensia. Alilisema tena, polepole, kwa raha. "Ni cha kwangu."

Narmin akajifuta macho bila kujificha.

Zilipobaki chache, Mzee alimsogelea binti yake akamnong'oneza sikioni. "Narmin, moja uniwekee ya mama yako. Zarin naye macho iko inamsumbua."

"Papa, mi si mwenye foleni."

Gaudensia alikuwa amerudi kwenye ngazi. "Weka jiwe, Mzee."

Sultanali akatafuta jiwe, lakini barabara ilikuwa imefagiwa ikafagika, na shimo lilikuwa tupu. Akapapasa mfukoni. Akatoa kufuli, jipya, bado lina karatasi ya dukani, akalishika kidogo kiganjani huku akimtazama Narmin anavyohudumia. Halafu akaenda hadi mwisho wa mstari, akainama kwa shida na magoti yake, akaliweka chini nyuma ya jiwe la mwisho.

Simu arobaini na mbili ziliisha yakiwa yamebaki mawe sita. Na kufuli.

Watu walishangilia hata wale waliokosa, maana walikuwa wameona tajiri wa Gitega akikosa nao. Mzee alisimama katikati yao, koti limekaa sawa sasa, akijaribu kukunja uso na kushindwa.

"Mzigo unaokuja," alimuuliza binti yake mbele ya kila mtu, "tutagawa namna gani?"

Narmin alijifanya kufikiri. "Gitega iko watu wa picha, Papa. Mi nitakutumia kumi."

Mzee akacheka mpaka akashika ubavu. Kisha akainama kuchukua kufuli lake, safari ya Gitega bado ndefu.

"Liache, Mzee," alisema Gaudensia. "Ukiliondoa, nafasi yako imekwenda."

Akaliacha.