Jumatano ya Mtakatifu Lusia

Jumamosi, tarehe 16 Desemba 1978. Asubuhi upepo wa kusini, wa joto, anga haina hata wingu. Mlima ulikuwa umesogea karibu kiasi kwamba niliuona moshi wa kibanda alimokaa ndugu yangu Nemesio na ng'ombe wa kijiji, mwendo wa saa tatu kupanda.

Upepo huo ukivuma siku nne mfululizo, sisi watu wa Kantabria hugombana kwa sababu ya kijiko. Tumezoea mvua itokayo baharini. Joto la Desemba linatupandisha wazimu, na siku ile kijiji kizima kilikuwa kinaumwa kichwa.

Jioni, baada ya rozari, baraza lilikutana kwenye ukumbi wa mbele wa kanisa, kama kila mara Siku za Majira zinapofungwa. Ni siku tatu za kufunga na kusali, Jumatano, Ijumaa na Jumamosi, mara nne kwa mwaka. Wazee wetu waliamini kwamba upepo unaovuma siku ya tatu jua likizama ndio utakaotawala miezi mitatu ijayo. Mimi pia naamini. Mzee Eleuterio, ambaye husoma upepo kwa niaba ya kijiji kama baba yake kabla yake, alivua kofia, akaugeuzia upepo uso.

"Jumatano kusini, jana kusini, leo kusini," akasema. "Mpaka Machi hakuna theluji. Ng'ombe wabaki juu, nyasi kavu zibaki ghalani. Nemesio abaki nao."

Nemesio ana kifua kibovu tangu utotoni. Mama alipokufa nilimlea mimi, nikiwa na miaka kumi na mitatu. Nilisimama.

"Mzee, samahani. Siku za Majira hazijaanza."

"Hazijaanza nini?"

"Kitabu kinasema Jumatano ifuatayo sikukuu ya Mtakatifu Lusia. Mwaka huu Lusia mwenyewe ameangukia Jumatano. Hiyo haihesabiwi. Tunaanza tarehe ishirini."

Gervasio, mwenye fahali wa kijiji, akapiga paja lake.

"Jamani, ngumbaru wetu kahitimu! Mama Obdulia, juzi tu ulikuwa unatia dole gumba kwenye karatasi ya maziwa, leo unamfundisha mzee kuhesabu Jumatano?"

Wakacheka mpaka viatu vyao vya mbao vikagonga mawe. Ni kweli, niliingia darasa la jioni nikiwa na miaka hamsini. Majira mawili ya baridi nimekaa juu ya kiwanda cha maziwa, nimebanwa kwenye dawati la watoto, nikifuata mistari kwa kidole. Kitabu cha Misa cha mama nilikibeba kanisani miaka arobaini kama mtu anavyobeba tofali. Nilipoanza kukisoma, nililia. Humo ndimo nilimokuta habari ya Lusia.

"Baba yangu alihesabu hivi," Eleuterio akasema, akikunja kidole cha kwanza, "Lusia, halafu Jumatano. Zikikutana, zimekutana. Kaa chini, mama. Kitabu hakijawahi kulala mlimani."

Wakapiga kura. Nyumba kumi na moja, mikono miwili upande wangu: wangu na wa mjane Visitación, ambaye hamwamini Eleuterio hata akisema jua limechwa. Shauri la Eleuterio likapitishwa, pamoja na neno la nyongeza: atakayeshusha wanyama wake kinyume cha baraza hatapata fahali wa kupanda ng'ombe wake, wala mkono wa mtu wakati wa kukata nyasi.

Jumapili nilimwonyesha padri ukurasa. Ana parokia tano, alikuwa tayari na ufunguo wa gari mkononi. "Kitabu chako kinasema kweli, Obdulia," akaniambia, "lakini siku hizi Kanisa halizishiki tena Siku za Majira kwa namna hiyo. Msipigane." Akaondoka.

Jumatatu nikapanda mwenyewe. Nemesio alikuwa anakama, akikohoa kila baada ya mkamuo.

"Shuka nami," nikamwambia.

"Nimekabidhiwa ng'ombe thelathini na wanane na baraza, dada. Nikiwaacha nitakuwa nani?"

Nikamwachia mkate wa mahindi na blanketi. Niliporudi nikakuta samadi imemwagwa mlangoni kwangu. Hakuna aliyekuwa ameona kitu. Dukani wanawake walinipa mgongo, na mke wa Gervasio akaita kwa sauti, "Mwalimu, leo siku gani?"

Sasa niandike jambo ambalo nimekwisha kuliungama, lakini bado linaniuma. Jumatano alfajiri nilipiga magoti jikoni kabla ya kukama, kama kila siku. Nilianza na Baba Yetu. Nikafika kwa walionikosea, na maneno hayakupita. Nikasikia kinywa changu kinasema: "Bwana, lete theluji, wafunge midomo." Ndugu yangu yuko juu, nami naomba theluji.

Adhuhuri upepo wa kusini ulikatika. Kwa muda wa saa moja hata jani halikutikisika, kisha ukaja wa kaskazini-magharibi, na mvua nyuma yake. Alhamisi mvua. Ijumaa mawe ya barafu, na jioni weupe wa theluji ulikuwa umeshuka mpaka kwenye miti ya njugu za kizungu, juu kidogo ya kijiji. Jumamosi, tarehe 23, kulipokucha, mlima haukuwepo. Nilingoja saa nzima dirishani. Wingu lilipofunguka kidogo nikakiona kibanda. Hakikuwa na moshi.

Kengele ya baraza huipiga Eleuterio peke yake. Niliishika kamba nikaipiga mpaka mikono ikachubuka. Walikuja mbio wakidhani moto, naye mzee nyuma yao, uso umemwiva.

"Nani amekupa ruhusa ya kushika kamba hiyo?"

"Kibanda hakina moshi. Nani anapanda?"

"Hii theluji ya siku moja," akasema. "Wa kusini utarudi. Siku zilifungwa."

"Siku zinafungwa leo, mzee. Na leo upepo unatoka wapi?"

Theluji ilikuwa inaimwagikia kofia ya mzee, kutoka baharini.

"Miaka sita iliyopita," nikasema, "Lusia aliangukia Jumatano vilevile. Nimehesabu kwa kalenda. Mwaka ule tuliacha wanyama juu, wakafa ng'ombe kumi na wanne. Ukatuambia Siku za Majira zimetudanganya. Hazikutudanganya. Uliwahi wiki moja."

Hapo hakucheka mtu. Gervasio, ambaye watano kati ya wale kumi na wanne walikuwa wake, alimgeukia mzee taratibu.

"Ni kweli hiyo, Eleuterio?"

Mzee alikunja kidole kimoja, akakikunjua, akakikunja tena. Nilimwona akihesabu. Kisha akaninyoshea kidole hichohicho.

"Umefurahi sasa? Uliitaka theluji hii. Sema kama hukuitaka!"

Angenipiga kofi, ningeumia kuliko hapo? Hapana. Wote walikuwa wananitazama.

"Niliitaka," nikasema. "Niliiomba kwa magoti. Mungu atanihukumu, na ninyi mnihukumu mkipenda, lakini baadaye. Mimi napanda sasa."

"Bila njia?" akasema Gervasio. "Utatumbukia korongoni kabla ya ukuta wa pili, mwehu wewe."

"Nionyeshe wewe njia, basi."

Gervasio akatazama viatu vyake. Chini ya theluji njia ile aliijua mtu mmoja tu, naye alikuwa na miaka sabini na moja. Eleuterio aliingia kanisani, akatoka na fimbo yake ndefu na kamba nene. Ncha moja akajifunga kiunoni, nyingine akanitupia miguuni.

"Jifunge," akasema. Kisha akawageukia wale wengine, akapaza sauti kama anavyopaza akisoma upepo. "Mnanisikia nyote. Natangulia mimi, huyu mwanamke nyuma yangu, na sirudi hapa bila Nemesio, awe anatembea au nimembeba. Na siku nitakayomfikisha mlangoni kwake, sitamsalimu tena dada yake mpaka nife."