Unyayo wa Mpira

Kompyuta iligoma tena pale pale penye vidole. Mhandisi wa karakana ya miguu bandia akasonya, akasogeza kiti nyuma. Kazi yake ilikuwa kuukunja unyayo wa mpira ndani ya kompyuta kabla haujavaliwa na mtu: aliugawa katika vipande vidogo vilivyoshikana kama wavu, kisha akahesabu kila kipande kinavutika kiasi gani. Unyayo ukipinda kidogo, hakuna neno. Ukipinda sana, kama mtu anaposhuka ngazi, vipande vilibanana hadi vikageuka ndani nje, na programu ikakata roho. Dawa yake ilikuwa kusimama njiani, kuchora wavu mpya, kuendelea, kisha kusimama tena. Kazi ya kuchosha, wacha tu.

Na safari hii mguu wenyewe ulikuwa wa babake.

"Mwanangu, huo mguu unatengenezwa au umepelekwa chuo kikuu?" mzee aliuliza kwenye simu. Alikuwa dereva wa lori mstaafu, kisukari kilimkatisha mguu, naye alikuwa amechoka kuutazama mtaa kupitia dirisha la ghorofa ya tatu.

Binti akacheka, na huruma ikamponza. Aliiamuru programu ihesabu kana kwamba mpira unapinda kidogo tu. Ikatii, ikamaliza kabla chai yake haijapoa. Picha nzima ikatoka buluu, rangi ya usalama. Alijua fika hiyo haikuwa hesabu ya ngazi. Akajiambia mzee mwenyewe mwepesi, atakwenda wapi?

Mzee alikwenda kila mahali. Alishuka kununua gazeti, akapanda, akashuka tena kuwatambia majirani. "Huu kautengeneza binti yangu, msinikanyagie!" Baada ya miezi michache unyayo ulikatika penye vidole, akabingirika ngazini, nyonga ikavunjika. Madaktari walisema hatatembea tena. Yeye aliwaambia watu kwamba aliteleza.

Binti aliirudia hesabu, safari hii akichora wavu upya kila ulipojisokota. Penye vidole pakawa pekundu. Akaenda wodini.

"Baba, hukuteleza. Ule mguu niliulipua. Nilijua hesabu haijakaa sawa, nikaupitisha hivyo hivyo."

"Nilijua una ufa," mzee alisema. "Niliuona siku kadhaa kabla, nikauvalisha soksi nene."

"Sasa mbona hukuniambia, baba?"

"Ungeurudisha karakana, wenzako wangeuona. Nikasema nitembee taratibu, mwanangu asije akaaibika."

Laiti angemgombeza. Binti alijaribu kuomba msamaha, lakini mzee akaanza kumbembeleza yeye, akimpigapiga mgongoni mbele ya wodi nzima.