Nani Amtunze Mpiga Chelo?

Miaka kumi Humoud alipiga chelo kwenye taarabu Unguja, na miaka kumi hakutunzwa hata siku moja. Watu wakiinuka na noti zao, wakimpita yeye kama kiti, wakaenda kumtunza mwimbaji. Na dada yake Fawziya alikuwa mbele yao! "Chelo la kusindikiza tu," akimwambia. "Nani amtunze msindikizaji?"

Neno hilo lilimkaa rohoni mpaka alipohamia mji wa Ibra, Omani. Alikuja pia na sahani moja ya santuri, jazi ya mwaka hamsini na saba, kiongozi wa bendi Mmarekani mpiga chelo. Kiongozi, wallahi! Mwaka wa tisini na sita rafiki yake Soud wa mji wa Nizwa akamwazima mashine ya santuri, na Humoud akamwalika dada yake, aliyehamia Ibra pia, baada ya alasiri. Safari hii atakiri, alijiambia.

Fawziya akaja na jirani yake Shukriya, wamejifukiza udi, dhahabu mpaka viwikoni, noti tayari mikononi. Sahani ikaanza.

"Bashraf nzuri," akasema Fawziya. Kwao taarabu hufunguliwa kwa ala tupu, kisha ndiyo mwimbaji atoke. Wakangoja. Wimbo wa pili ukapita, na wa tatu.

"Lo, bashraf gani hii haishi? Mwimbaji yuko wapi?"

"Labda kanyimwa viza," akasema Shukriya.

"Hakuna mwimbaji!" Humoud alipiga kelele, karibu alie. "Chelo ndilo linaloimba!"

"Ebo! Na maneno yake?"

Humoud akageuza sahani kwa hasira. Upande wa pili ngoma zilinyamaza, chelo likabaki peke yake, likilalama. Bega la Fawziya likaanza kuyumba. Mara kasimama, noti juu, anakwenda kwa madaha kama zamani. Lakini amtunze nani? Akaiweka noti juu ya sahani inayozunguka. Shukriya naye, hakubali kushindwa, akaweka yake.

Sindano ikazigonga noti, ikapiga ukelele, ikaikwaruza sahani mpaka katikati.

"Yarabi! Nimekuharibia, Humoud!"

"Dada, umemtunza nani?"

"Hebu niache!"

"Nani, Dada?"

"Chelo! Nimelitunza chelo, basi!"

Humoud akaziacha sahani na sindano zilivyo. Akaiokota noti ya dada yake, akaikunjua, akaitia mfukoni mwake.