Kilo Kumi na Nane

Nilipomaliza chuo nilirudi nyumbani na shahada ya mambo ya maafa, na nyumba ya kwanza niliyoamua kuiokoa ilikuwa yetu. Tunakaa bondeni, hatua arobaini kutoka kwenye mfereji. Mwaka jana maji yaliingia hadi magotini, na Bibi alishinda juu ya meza ya kulia akiwa na mwavuli na kuku mmoja. Kuku alitaga. Bibi hajaacha kujisifu.

Ofisi ya maafa, nilikokuwa nikijitolea kwa mwezi wa tatu, ilikubali nyumba yetu iwe ya mfano. Mkaguzi angekuja Jumamosi. Akikuta pipa letu la dharura limekamilika, mpango wangu ungepelekwa kwa mtaa mzima, nami ningepewa mkataba wa kazi. Asipokuta hivyo, ningeambiwa asante sana, kila la heri.

Pipa nililijaza mwenyewe: biskuti ngumu, maharage ya kopo, karanga, tochi na betri zake, mishumaa, sabuni, kisanduku cha huduma ya kwanza. Nikaliweka nyuma ya mlango wa ukumbini. Kufuli sikutia, maana kitu cha dharura hakifungwi. Wala sikupenda kulifunuafunua mbele ya watu, nisije nikawatia tamaa. Kwa hiyo kila Ijumaa nililining'iniza kwenye mizani.

"Kilo kumi na nane!" nilitangaza.

"Mungu mkubwa," Bibi alijibu, akijipangusa mdomo.

Mjomba, ambaye ni fundi redio na karakana yake ni chumba cha mbele, hakuinua hata kichwa. "Kusoma kuzuri, mpwa wangu," alisema. "Mimi nisingewaza kupima."

Jumamosi Mkaguzi akaja, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba na mabuti ya mpira, ingawa jua lilikuwa linawaka. Akakaa kwenye kigoda, akabandua mfuniko, akatoa pakiti ya biskuti. Akaitikisa. Ikalia kama njuga.

"Biskuti hizi zina kokoto," alisema.

Akatoa pakiti ya pili: mchanga, umefungwa vizuri kwa uzi. Akafungua tochi: badala ya betri, vipande viwili vya chuma vilivyokatwa kwa kipimo. Kwenye nafasi ya makopo ya maharage kulikuwa na transfoma kuukuu ya redio.

Bibi aliinuka ghafla. "Hapo palikuwa na jiwe langu! Nani kachukua jiwe langu?"

"Jiwe lipi, Mama?" Mjomba aliuliza taratibu.

"La bapa! Nililiweka mimi mwenyewe nilipokula maharage."

"Aa, lile. Nilikuwa nagundisha spika, nikataka kitu cha kukandamiza. Lakini nilirudishia uzito wake!"

"Kumbe humu ndani kuna mwizi," alisema Bibi, kwa uchungu wa kweli.

Mkaguzi hakucheka. Alizidi kuchimbua. Chini kabisa, mahali pa karanga, akavuta kitabu kizito chenye jalada gumu, akasoma kwa sauti: "Utayari wa Kaya Katika Maeneo ya Mabonde. Tasnifu ya shahada ya kwanza."

"Hicho si changu," Bibi aliwahi. "Mimi kusoma sijui."

Wote wakanigeukia. Nilitazama sakafu. Karanga zile zilikuwa zimekaangwa vizuri mno, na ile wiki nilikuwa narudi na njaa.

Mjomba ana moyo mwema, na moyo wake mwema husema uongo haraka. "Mkaguzi, usishtuke. Hili ni pipa la mazoezi. La kweli tumelipandisha darini, maji yasilifikie. Sivyo, mpwa?"

Mkaguzi aliinua kalamu akaningoja. Neno moja tu, na mkataba ungekuwa wangu. Lakini nikafikiria nyumba zote za mtaa ule zikijazwa mapipa kama letu, na maji yakija, watu wakigawana kokoto.

"Sivyo," nikasema. "Pipa ni hili hili. Tumelila. Na mimi nimo."

"Msomi wangu mjinga," Bibi alinong'ona, akanishika mkono.

Mkaguzi akakirudisha kitabu na vingine vyote, akafunga mfuniko akaukandamiza kwa goti. "Bibi, njoo. Jifunge kitambaa machoni. Umeme umekatika, maji yako mlangoni. Nataka dawa za jeraha."

Mfuniko ule mimi hupigana nao kwa magoti yote mawili. Bibi aliugusa kwa kidole gumba upande mmoja, ukafunguka bila hata kulia. Mkono wake ukashuka kushoto, ukapita transfoma, ukatoka na kisanduku cha huduma ya kwanza. Hakikuguswa hata siku moja, maana dawa haziliki. Nilikuwa nikihesabu moyoni, sikufika saba. Mjomba alipofungwa kitambaa alimaliza nilipofika tano, akatoa na mishumaa juu yake.

Hapo ndipo Mkaguzi alipocheka, hadi akavua miwani. "Nimekagua nyumba ishirini za mitaa mingine. Mapipa yamejaa, yamefunikwa vitambaa vya maua, biskuti zimeota ukungu, na mwenye nyumba hajui mfuniko unafunguka upande gani. Ninyi watu mko tayari. Pipa ndilo haliko."

"Na mkataba wake?" aliuliza Bibi.

"Leo amefeli. Nitarudi baada ya wiki mbili. Kuleni, kisicholiwa huoza. Ila anayekula arudishe kilekile alichokula, siku hiyohiyo. Uzito msinipimie tena."

Bibi alinitazama kama mtu aliyeshinda kesi.

Wiki mbili baadaye Mkaguzi alikuta kila kitu, biskuti zikiwa mpya kuliko za dukani. Akatia saini mkataba wangu juu ya mfuniko, na katika kuongea na Mjomba habari za redio akachukua biskuti mbili pipani, akatafuna, akaaga.

Bibi alikuwa amekwisha kusimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Mkaguzi, mwanangu," alisema, "duka liko hapo kushoto. Tunakungoja."