Ruhusa kwa Kila Mtu

...na Ndiyo ilikuwa pale pale chini ya mshale, kilichobaki ni kidole tu, kidole cha Specioza kilichotulia juu ya mausi kama si chake, tangu kioo kilipofifia chote na kubakiza kidirisha kimoja katikati kikiuliza kama anairuhusu programu hii ifanye mabadiliko kwenye kompyuta yake, Ndiyo au Hapana, hakuna la tatu, hakuna kitufe cha kusema ngoja kwanza nifikirie, wala cha kusema ningekuwa na akili hii siku ile ya msiba tusingefika hapa, na uani shangazi Vestina na wenzake walikuwa wanapepeta mchele wa arobaini ya baba, mchele waliokuja nao kwenye basi kutoka Majimoto, ungo unasikika, shaa, shaa, na juu ya ungo sauti ya mama, "Specioza, imepatikana?", mama ambaye amewaahidi ndugu wote wa Mpimbwe kwamba kesho baada ya misa watamsikia marehemu mwenyewe akiongea, akiwataja wazee wake mmoja mmoja, akiimba zile nyimbo za kulimia, amewaahidi bila kumuuliza mtu, na nani alikuwa na moyo wa kumwambia mjane kwamba sauti za mumewe zimefutwa... "Bado, mama, inatafuta," alijibu, uongo mtupu, haitafuti chochote, programu yenyewe ya kurudisha vilivyofutwa ingali kwenye flashi inaomba ruhusa ya kuingia.

Ruhusa, neno la Jean-Marie hilo, fundi Jean-Marie wa Katumba anayeongea taratibu kama anafundisha katekisimu, ndiye aliyemfungia ile folda ya sauti baba alipoanza kurekodi, akamwonyesha ukurasa wenye visanduku vya kuweka tiki, kusoma, kuandika, kufuta, akamwambia, "Dada, hii kompyuta ni ya steshenari, kila anayeingia anaishika, sasa wengine wape kusoma tu, wasikilize mpaka wachoke, ila kuandika na kufuta ubaki nako wewe na paswedi yako, halafu nakala nyingine weka nje ya hapa," na tiki aliziweka vizuri kabisa, moja moja, nakala ndiyo alisema mwezi ujao, akasema tena mwezi ujao, kazi zilikuwa nyingi, kadi za harusi, barua za viwanja, Makanyagio nzima inataka fotokopi siku moja, na baba anakuja mchana wateja wakipungua, anavuta kiti cha plastiki, anavua kofia mbele ya kipaza sauti kama yuko mbele ya padri, anakohoa, anauliza, kila siku lazima aulize, "Hii kitu inanisikia?", na yeye amempa mgongo, anachapa, "Inakusikia, baba," hajageuka, kwa nini hakugeuka hata siku moja, barua ya nani ile ilikuwa na haraka hivyo... basi mzee anaanza, Kipimbwe kinamwagika nyuma yake na yeye anakisikia kama mtu anavyosikia mvua ya kwenye bati, Kipimbwe chake yeye ni cha kutumwa maji na cha kugombezwa, mtoto wa mjini, kila jina la babu lilipita masikioni likaenda kukaa kwenye mashine, akajisemea mashine inashika, nitasikiliza baadaye, nitakaa na baba anitafsirie polepole, tutatulia siku moja, siku gani, Specioza, siku gani hiyo.

Shaa, shaa, na wanacheka huko uani, shangazi Vestina anacheka, na kusema kweli kicheko chake kilimchoma leo, maana ni yeye, hapana, si yeye, ila ni yeye pia, siku mwili ulipoletwa alizunguka nyumba nzima anakusanya makufuli anayafunga kwenye pindo la kanga, kwao huko nyumba yenye maiti haifungwi kitu mpaka mtu azikwe, si chumba, si jiko, si gunia, mwenye kufunga anaonekana anawanyima waliokuja kumlilia, na vijana wako chumba hiki cha mbele, cha steshenari, wanataka kuchapa ratiba ya mazishi na picha ya msalabani, wanakuja mkekani, "Dada, inadai paswedi," anainuka anawaandikia, anarudi, wanakuja tena, "Dada, imejifunga tena," mpaka shangazi aliyelala ubavuni pake akainua kichwa, "We binti, nyie wa mjini mna mambo, msiba wa kaka yangu unafungwa kufuli na mashine? Fungua hiyo kitu, watu wafanye kazi," na wanawake wote mkekani wakamtazama, ikamwingia aibu, akaenda na kanga kichwani na machozi yanadondokea kibodi, akatoa paswedi, akafungua ule ukurasa wa visanduku, folda kwa folda, akachagua Kila Mtu, ruhusa zote, tiki, tiki, tiki, na tuseme ukweli, aliona raha, raha kidogo katikati ya kilio, aliona sasa nyumba iko wazi yote, sasa na yeye ni mtoto wa kwao.

Na Amosi je, binamu yake Amosi, amchukie? Alijaribu, ameshindwa, Amosi aliyeazima kamera kubwa akapiga video ya mazishi tangu jeneza linatoka mpaka shada la mwisho, watu walimsifu sana, akaja kuimwaga kwenye kompyuta, kompyuta ikasema imejaa, hakuna nafasi, na baba amelala mkekani, hapana, amelala kaburini, mkekani alikuwa yeye Specioza, hana habari, mtu atamsumbuaje mfiwa kwa mambo ya nafasi, Amosi akatafuta mwenyewe cha kupunguza... "Dada, mi niliona folda kubwa hivi, imeandikwa Rekodi, haina picha hata moja, masauti tu, nikajua ni mambo ya zamani ya dukani, nikafuta, na kwenye pipa nikafuta, wala haikunikatalia," alisema huku analia, mwanaume mzima na ndevu zake, wala haikunikatalia, ingemkataliaje wakati mwenye nyumba kasema kila mtu, na Rekodi ni jina alilolipa yeye Specioza kwa haraka, angeandika Baba, kulikuwa na ugumu gani kuandika Baba... umeme ukapepesa, taa ikafifia ikarudi, kompyuta haikuzima, kidirisha bado kipo, Ndiyo, Hapana.

"Specioza, mwanangu, mwambie basi huyo Jean-Marie akusaidie!" Yuko Mwese, mama, amepanda milimani kufunga kompyuta za shule, huko simu mpaka utafute kichuguu cha kusimamia, lakini hakuyasema haya, aliyasema kichwani, maana Jean-Marie alishasaidia, jana kabla ya kupanda pikipiki alisimama hapo mlangoni akampa flashi hii amtunzie, na masharti yake, faili likifutwa haliondoki saa hiyo, dada, ni kama shamba lililoachwa, matuta yapo bado, ila halina mwenyewe, anayekuja kwanza analima, na hii programu nayo ukiisakinisha kwenye diski hiyo hiyo inalima, kwa hiyo usiisakinishe hapa, izime kompyuta, isiguswe, wiki ijayo nitaitoa diski niichomeke kwenye mashine nyingine, kwa kusomwa tu, bila kuandikwa chochote, ndipo tutafute, wiki ijayo, na misa ni kesho, na wageni wako uani, na hakuizima, aliiwasha asubuhi hii, akachomeka flashi, akabofya, na hata kufunguka kwa kidirisha hiki labda tayari kumelima mahali, labda tuta la nyimbo, labda tuta la babu wa babu, na bado kidole hakitoki, kwa sababu ikiwezekana kuokoa hata wimbo mmoja, hata kile kikohozi cha mwanzo, mama angesikia kikohozi tu angeridhika, abonyeze, asibonyeze, akibonyeza anaweza kumfukia, asipobonyeza kesho mama atasimama mbele ya watu wa Mpimbwe mikono mitupu, na diski yenyewe imejaa hivi programu itakaa wapi, imejaa mpaka ukingoni tangu video ile ilipoingia...

Imejaa. Ilikuwa imejaa kabla, Amosi alisema imejaa, hapakuwa na nafasi hata kidogo, akafuta Rekodi ndipo video ikaingia... ikaingia wapi? Nafasi ilikuwa moja tu. Nafasi ilikuwa ni baba. Video ile kubwa haikuwa na pengine pa kwenda, iliingia hapo hapo alipokuwa baba, ikalala juu yake, ikajaza mpaka pembeni, na Jean-Marie alijua, fundi gani asingejua, ndiyo maana jana alikuwa anaongea anaangalia tairi la pikipiki, wiki ijayo, dada, wiki ijayo, alikuwa anampa siku za kutumaini kama mtu anavyompa mgonjwa uji, na video yenyewe ameiangalia mara ngapi Specioza, inaanza na yeye, Amosi alimvuta karibu, kanga imeanguka, mdomo wazi, anapiga yowe nyuma ya jeneza, kwa hiyo pale pale baba alipokuwa anaimba sasa analia yeye, pale alipotaja wazee wake sasa kuna koleo la udongo na watu wanaoimba mapambio kwa Kiswahili, wamemzika mara mbili, mara ya pili wakamzika kwa mazishi yake mwenyewe, na aliyewafungulia mlango ni binti yake aliyekuwa anaona raha... akasubiri machozi yaje, hayakuja, kilichokuja ni ukimya mmoja mpana kifuani, hakuna wiki ijayo ndani yake, na katika ukimya ule Ndiyo na Hapana zikawa kitu kimoja, vitufe viwili vya mlango usio na chumba, na kidole kikawa chepesi kwa vile hakikuwa na cha kuokoa wala cha kuharibu, akajaribu kumkumbuka baba akiongea, kitu chochote, jina moja la babu, mstari mmoja wa kulimia, akatafuta kama alivyowadanganya kwamba mashine inatafuta, mvua ya kwenye bati tu, mvua, na kutoka humo kikatoka kile kimoja alichokuwa akiambiwa yeye kwa Kiswahili, hii kitu inanisikia, inakusikia, baba, na haikuwa inamsikia, ilikuwa inashika tu, wa kusikia alikuwa amekaa hapa, kwenye kiti hiki, amempa mgongo.

Ungo umenyamaza. Mama amekuja mpaka mlangoni, anasikika kwa kandambili zake, anapumua kwa shida kama anavyopumua siku hizi, hakuingia, amesimama hapo na pumba za mchele bila shaka ziko kwenye nywele, na kidirisha bado kiko katikati ya kioo kilichofifia kinauliza, mshale juu ya Ndiyo, flashi inawaka na kuzima.

"Specioza," alisema mama, polepole, "unanisikia?"

"Nakusikia, mama," alisema, na akageuka.