Dumu la Tereza

Tangu Tereza azikwe, Maige alikuwa akiamka, anafungua dumu la mafuta nyuma ya mlango wa jikoni, ananusa, kisha ndipo anakumbuka kunawa uso. Mafuta yalikuwa meusi kama kahawa ya msibani. Ndani yake mlikuwa na sato, tangawizi na kitunguu kilichoungua kidogo. Harufu ya mwanamke aliyekaanga samaki machimboni Mwakitolyo mpaka moshi ukamzoea.

Tereza hakumwaga mafuta. Jioni aliyaacha yapoe, akayachuja kwa kitambaa na kuyarudisha dumuni. Kesho yake akaongeza mapya juu ya yale ya zamani. Dumu halikuwahi kukauka, na hapo ndipo Maige alipopatia mtaji wa uongo wake. Aliketi kando ya karai akiwaapia wachimbaji kwamba mafuta yale yalianza siku ya harusi yao, na kwamba kijana mmoja wa Bugarama alikula samaki wake, akapiga chafya, punje ya dhahabu ikamtoka puani.

"Baba Martina," Tereza alisema bila kugeuka, "mwache mteja ale. Uongo wako hauna hata chumvi."

Wachimbaji walicheka, wakaagiza tena.

Sasa hakuwa na wa kumdanganya. Alijikaangia muhogo peke yake, na mafuta yalipopungua aliongeza mapya, kama alivyofanya marehemu.

Binti yao Martina alipokuja kutoka Chato kumjulia hali, alisimama mlangoni mwa jiko akaziba pua.

"Baba, haya ndiyo unayokaangia chakula?"

"Ndiyo hayo. Mama yako bado yumo humo."

"Yananuka kama rangi ya ukutani."

"Pua yako imezoea upepo wa ziwa, ng'wanone, mwanangu wee. Huku tunanusa vitu vizito."

Martina hakucheka. Alichovya kidole, akaonja, akatema nje. Kisha akaketi kwenye kigoda cha mama yake, na sauti ikamshuka.

"Tangu tumzike, umeongeza mapya mara ngapi?"

Maige alifungua mdomo atafute uongo, hata mdogo tu wa kuvukia. Hakuupata. Muhogo wote ule aliokaanga! Kila alipoongeza alidhani anamtunza Tereza, kumbe alikuwa akimla kidogo kidogo na kujaza nafasi yake kwa mafuta ya dukani.

"Usiyamwage," alisema.

"Simwagi. Mama hakumwaga. Nitayapika sabuni."

Aliyachuja kwa kitambaa kilekile. Uani, akimkataza baba yake asisogee, aliyakoroga na maji ya soda kali ya kutengenezea sabuni mpaka yakawa uji mzito, akaumimina kwenye boksi lililotandikwa nailoni.

"Usiiguse mpaka mwezi uishe, baba. Kwa sasa inaunguza ngozi."

Akarudi Chato.

Mwezi ulipokwisha, Maige alikata kipande akakinusa. Hakikunukia chochote. Akaenda nacho mkononi kutoa chini ya godoro kitenge cha biashara cha Tereza, kilichokakamaa kwa mafuta. Siku ya kuanua matanga, shangazi walipogawa nguo za marehemu, alikuwa amekikalia kama kuku anayeatamia, asitajwe mwizi wala mrithi.

Akakiloweka, akaanza kufua. Povu likaja jeupe. Mafuta yaliyokichafua kitenge miaka yote ndiyo sasa yaliyokitakatisha. Maua mekundu yakajitokeza, maua aliyokwisha kuyasahau, na kwa kitambo kidogo alimwona Tereza siku alipokivaa mara ya kwanza, kabla ya moshi. Akafua kwa bidii zaidi. Ndipo mkono ukafika kiunoni, kwenye doa la pale Tereza alipozoea kufutia vidole, ukasimama wenyewe.

Jirani yake Herman alikuwa akipita na baiskeli.

"Mzee Maige unafua! Leo Shinyanga nzima italowa."

"Sabuni hii, Herman," Maige alisema, "ilianza siku ya harusi yangu."

Herman alishusha mguu chini, akategemeza viwiko kwenye usukani, tayari kucheka.

"Eeh? Halafu?"

Maige alikamua kitenge polepole, asiguse pale kiunoni. Akakianika kambani, doa likiwa upande wa ndani.

Herman aliendelea kungoja.